Hodi ya Tatu Hukuiandika Wewe

Baba Zuhura, mume wangu,

Kitabu chako kimerudi nyumbani leo asubuhi, na si chako tena. Ndugu yako Athumani ndiye aliyekileta kutoka kituo cha basi, sanduku zima limefungwa kamba ya katani. Akalitua chini ya ngazi na kuniita kwa sauti ya mtu aliyebeba habari njema. Nilishuka na nguo zangu nyeupe za eda, nikakata kamba kwa kisu cha jikoni, nikachukua nakala ya juu na kwenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho. Wallahi! Wachapishaji wamekugusa pale pale nilipoomba wasikuguse.

Nakuandikia wazi. Zuhura binti yetu ataipiga chapa barua hii na kuipeleka gazetini, na watu tusiowajua watasoma mambo yetu wakinywa chai. Wanijua mimi, si mtu wa kutoa ya ndani nje. Lakini nimejibana mpaka sina tena pa kujibania. Nakala za zamani za *Kizingiti* zilizobaki mjini ni chache, na zetu za kabatini zilioza mvua za Elnino zilipotuvujishia paa. Atakayekujua kuanzia leo atakujua kwa hiki kipya, na ndani ya hiki kipya anasema mtu mwingine. Sijui niende wapi na jambo hili. Kwa hiyo nakuja kwako, kama nilivyozoea.

Wasomaji hawakuwapo ulipokuwa ukiandika. Mimi nilikuwapo. Ulikuwa karani Kilindini, unarudi alasiri na vumbi la mabohari kwenye viatu. Ukishaoga unapanda chumba cha juu, kile chenye dirisha la kichochoroni, na mimi naketi mkekani karibu na mlango, sinia la asumini mapajani, natunga kwa sindano vikuba vya nywelini vya maarusi. Unaandika mstari, unausoma kwa sauti. Kwa muda mrefu nilidhani unanisomea ili nisichoke. Kumbe uso wangu huutazami kabisa, watazama mikono. Siku moja ulisoma sentensi nzuri, mimi mwenyewe niliipenda, mara nikakuona unaipiga mstari.

"Mbona waifuta?"

"Sindano yako haikusita."

"Nilikuwa nasikiliza, baba Zuhura!"

"Kusikiliza na kutunga waviweza pamoja. Mimi nataka sentensi ikushinde kutunga."

Nikakasirika, nikakwambia basi utanitia hasara, maarusi watakwenda ukumbini vichwa vitupu. Ukacheka mpaka ukakohoa. Lakini ndivyo kilivyoandikwa kitabu kile, chote, kwa kusita kwa sindano. Hakuna sentensi iliyobaki ambayo haikunisimamisha mkono. Kwa hiyo mtu akija leo na kalamu yake nyekundu akaniambia hii haina kazi, hii ndefu, hii ya kizamani, mimi nina la kumjibu.

Hebu niwaeleze wasiokijua, maana wewe mwenyewe hukupenda kujieleza. Ni kitabu cha dada wawili, Mwanaidi na Saumu, waliozaliwa nyumba moja hapa Mji wa Kale. Saumu aliolewa na mtu ambaye Mwanaidi alimkataza asiolewe naye, wakakosana, wakakaa miaka mtaa mmoja bila kutembeleana. Basi. Hakuna aliyeuawa, hakuna hazina iliyozikwa. Ukiulizwa kinahusu nini ulikuwa ukijibu, "Wanawake wawili na mlango mmoja," halafu unabadilisha mazungumzo.

Ndani ya kitabu chako hamna uso hata mmoja. Mhariri wa huko Nairobi, aliyekichapisha upya, aliona huo ni upungufu. Mimi pia nilichelewa kulitambua jambo lenyewe: watu wako husikika kabla hawajaonekana. Mwanaidi ni kikohozi kifupi na viatu vya mti ngazini. Saumu ni bangili. Mume wa Saumu ni ufunguo unaotafuta tundu la kitasa. Mtu wa mitaa hii akisoma anacheka peke yake, kwa sababu ndivyo tunavyoishi, dirisha limetazamana na dirisha, na jirani akirudi wamjua kwa mwendo. Sasa nafungua ukurasa wa kwanza wa hiki kipya, naambiwa kwamba Mwanaidi alikuwa mwanamke mrembo, mrefu wa wastani, mwenye macho makubwa na meno meupe. Ala! Meno meupe! Nani kauliza habari za meno?

Halafu salamu. Wanakutana matangani, Bondeni, baada ya miaka ile yote, na wewe ukaandika kurasa mbili za salamu tupu. Hujambo dada, sijambo, habari za siku nyingi, njema, za mgongo wako, nashukuru, za paa lenu, limetengenezwa, na yule paka wenu wa kijivu, yupo. Nilipokuwa nikikusikiliza sindano ilisimama katikati ya ua. Saumu ameuliza mpaka paka, na binti wa Mwanaidi hakumtaja. Mtu wa hapa haulizi habari za paka akaacha za mtoto ila amekusudia. Ugomvi wote wa kitabu umo ndani ya swali ambalo halikuulizwa, na wewe hukulisema, ulituachia tulione wenyewe. Mhariri kaziondoa kurasa zote mbili. Badala yake kaandika, "Wakasalimiana." Neno moja, na nukta yake.

Na huzuni. Hukuandika hata mara moja kwamba mtu alihuzunika. Mwanaidi aliposikia dada yake amejifungua na hakuitwa, wewe ulisema tu kwamba alikula wali wake bila kuagiza ndimu, yeye ambaye tangu mwanzo wa kitabu hali kitu bila ndimu. Nililia kwa sababu ya ndimu, baba Zuhura, na wewe ukanitazama kama mtoto aliyepewa zawadi. Leo nasoma kwamba Mwanaidi alijawa na huzuni kubwa moyoni mwake. Ndimu haipo. Nimeitafuta kitabu kizima.

Wala sisemi ulikuwa mkamilifu, usije ukavimba kichwa huko uliko. Sura ya harusi ni ndefu mno, nilikwambia, ukanuna. Watoto hukujua kuwaandika: mtoto wa Saumu bado anarusha kishada na anaongea kama kadhi. Lau mhariri angekata hapo ningempikia biriani kwa mikono yangu. Hapo hakupunguza hata ukurasa!

Sitaki kumsingizia. Ni kijana mpole, mtu wa bara, alikuja kwa treni na tai shingoni na jua lile. Hakuja mikono mitupu, alileta sukari na mchele wa kutupa pole. Nilikuwa kizuka tayari, mjane ndani ya eda, siwezi kumtokea mwanamume asiye wa nyumba yetu, kwa hiyo Shemeji Athumani akampokea sebuleni na mimi nikakaa nyuma ya pazia na mawifi. Nikamsikia akifungua faili lake na kueleza, moja baada ya moja, atakayoyabadilisha ili wanafunzi wa shule wakielewe. Salamu zitoke, watu wapewe sura, sentensi ndefu zikatwe. Na shemeji kila akitajiwa jambo anajibu, "Ahsante, umejitaabisha mno. Hebu ongeza mbaazi. Hamri hilo limepoa, chukua hili."

Nikagonga bilauri kwa kijiko, vile tunavyowaita wanaume wakiwa na mgeni. Akaja mpaka kwenye pazia.

"Shemeji, anamharibu ndugu yako! Mwambie hapana."

"Nimesikia, shemeji, taratibu. Mtu kaja kutupa pole, mkono uko ndani ya sahani yetu. Nitamkatalia vipi? Akishaondoka nitapeleka mtu."

Nanyi wa hapa mnajua kwamba shemeji hakukosa adabu. Kwetu mgeni hakataliwi usoni ndani ya nyumba, tena nyumba ya msiba. Anashukuriwa, anashibishwa, anasindikizwa, na siku nyingine anatumwa mtu wa kati amfikishie kukataa kwetu kwa maneno laini, pasiwe na aliyeaibika. Sisi kwa sisi tunafahamiana hivyo na hakiharibiki kitu. Lakini yule kijana alitoka nyumbani kwetu ameshiba na ameshukuriwa, akajua tumekubali. Ningekuwa mimi pia ningejua hivyo.

Shemeji akamtafuta rafiki yake wa reli mwenye safari ya Nairobi, akamfunza la kusema. Rafiki naye mtu wa adabu. Alipofika kwa wachapishaji akaanza kwa kuwauliza hali, akanywa chai yao, akalisifu jengo, na kabla hajafika kwenye maneno yetu wakamwambia kwa furaha kwamba familia imesharidhia na kurasa ziko mitamboni. Akaona haya kuwaharibia furaha. Alirudi akasema nafasi ya kuzungumza haikupatikana. Nikamtuma Zuhura kwa jirani akawapigie simu wachapishaji, akawekwa asubiri, laini ikakatika, akapiga tena, ikaita bila kupokewa. Ndio mwisho wa juhudi zetu. Bwana mhariri, ikiwa waisoma barua hii: ile haikuwa idhini, ilikuwa chakula tu.

Hayo yote ningeyameza. Kweli, ningelia, kisha ningeyameza. Ukurasa wa mwisho siwezi.

Mwanaidi amezeeka. Anapita kichochoro kile ambacho hakukipita tangu ujana wake, anapanda kizingiti cha nyumba ya Saumu. Anasema hodi. Ndani bangili zinalia, kisha zinanyamaza. Anasema hodi tena. Na hapo wewe ukaweka kalamu chini. Hakuna neno jingine. Nilimsikia mhariri kwa masikio yangu, nyuma ya pazia, akimwambia shemeji, "Nafikiri hapa marehemu alisahau kumalizia. Kule kwenye sura ya posa, mshenga anapiga hodi tatu, hajibiwi, anaondoka. Huku ziko mbili tu. Tumezilinganisha."

Wamezilinganisha! Lahaula! Hukusahau wewe. Sisi tumefunzwa tangu utotoni kwamba hodi ni tatu, na usipoitikiwa ya tatu huna ruhusa ya kubaki mlangoni pa mtu. Urudi ulikotoka, tena bila kinyongo. Mshenga ulimtia zote tatu kwa sababu posa ile ilikuwa imekwisha. Mwanaidi ulimpa mbili. Baada ya hodi mbili bado ana haki ya kusimama pale, na Saumu bado ana nafasi ya kuitika. Kitabu kinafungwa na wale dada wawili wamesimama, mmoja nje, mmoja ndani, na hakuna aliyemkosa mwenziwe. Ile sauti ya mbili bila ya tatu ndiyo kazi yote uliyoifanya, kurasa zote za nyuma zilikuwa zikielekea hapo.

Uliponisomea, mikono yangu ilikufa. Ua la asumini lilibaki limening'inia kwenye uzi.

"Je, atamfungulia?"

"Sijui."

"Hujui vipi, na wewe ndiye mwandishi?"

"Sijui, mama Zuhura. Ila mimi sitamfukuza."

Tangu siku hiyo ukawa mchezo wetu. Nikipanda na chai nakukuta umerudisha mlango, nasema hodi, wanyamaza. Nasema ya pili, wanyamaza, nasikia kabisa unavyozuia kicheko. Nikifungua mdomo kwa ya tatu, waniwahi, "Karibu, mwenye nyumba!" Hukuniacha hata siku moja nikaifikia. Nilikuwa na ghadhabu, chai inapoa, mikono inaungua, na bado nikipanda ngazi nilikuwa nacheka kabla sijafika.

Siku ile nilipanda na chai ya tangawizi. Nikasema hodi. Nikasema ya pili, nikangoja, nikisema moyoni leo umeamua kunitesa. Nikangoja sana. Kisha nikausukuma mlango kwa kiwiko bila kusema ya tatu, nikakukuta kitini, kichwa umekiegemeza kwenye mbao za dirisha, miwani mkononi. Ile hodi sijaisema mpaka leo, kwa mlango wowote. Hata mlangoni pa Zuhura napiga hodi mbili kisha nakohoa.

Nina jambo jingine la kukwambia, na ndilo linaloniua. Sauti yako inanitoka. Uligoma kurekodiwa kaseti, ukasema sauti yako ni ya mbuzi, na mimi mjinga nikakubali. Picha ninazo tele, sauti sina. Siku za mwanzo nilikuwa nikifumba macho nakusikia. Siku hizi nafumba macho nasikia feni. Mahali pekee ulipobaki ni ndani ya sentensi zile ndefu, zile zinazokwenda na kwenda na kwenda kama mtu anayepanda ngazi zetu, kisha moja fupi, mtu kafika juu, anavuta pumzi. Nikizisoma kwa sauti pumzi yangu inakatika pale ilipokuwa ikikatika yako. Wamezikatakata sasa, zote zina urefu mmoja. Leo nimejaribu kusoma hiki kipya kwa sauti chumbani kwako, na nimeogopa, nimehisi kuna mgeni ameketi kitini pako. Bwana mhariri, silii kwa sababu ya vitabu. Mimi nimebaki na mume wa karatasi, na wewe umenibadilishia.

Hivi ndivyo ukurasa wako wa mwisho ulivyo sasa: "Hodi," Mwanaidi alisema kwa mara ya tatu. Hakukuwa na jibu. Akageuka, akaenda zake.

Na kesho, baba Zuhura, mimi natoka eda. Wanawake watakuja asubuhi, wataniogesha, nguo nyeupe zitavuliwa, udi utafukizwa, kuna mtu atanitia asumini nywelini ambayo sikuitunga kwa mkono wangu. Wananipenda, sina neno nao. Lakini tangu jana nasikia wanavyonong'ona: sasa yatosha, mama Zuhura, geuka, utazame mbele. Nitageuka niende wapi? Kitabu kimeletwa leo, eda inaisha kesho, na vyote viwili vinaniambia neno lile lile. Nimelia mpaka kichwa kinaniuma, nimemkaripia Zuhura bure, nimelirusha sanduku kwa teke na kuuumiza mguu wangu mwenyewe.

Baadaye nikaketi chini ya ngazi na kalamu ya biki. Nikafungua nakala ya kwanza, ukurasa wa mwisho, nikakata mistari ile ya chini mpaka karatasi ikakwaruzika. Nikachukua ya pili. Zuhura akaketi karibu yangu, akaanza na yake. Shemeji Athumani alisimama kando muda mrefu, kofia mkononi, mtu mzima anatazama sakafu.

"Nilidhani namstahi mgeni," akasema. "Ndugu yangu ndiye sikumstahi. Nipe na mimi kalamu, shemeji."

Nikampa. Tumemaliza sanduku zima sisi watatu, na vidole vyetu vina wino. Lakini hilo ni sanduku moja. Mengine yako madukani, yako Makadara, yako Nairobi, yanakwenda shuleni ambako hatutafika. Ndiyo maana barua hii ni ya wazi. Wewe unayeisoma na hutujui, ukikiona kitabu cha mume wangu mahali, kwako au kwa mwenzio, nakusihi, nakuomba kama anayeomba maji: fungua ukurasa wa mwisho, ukate hodi ya tatu na yote yaliyo chini yake. Uwaache wale dada kama walivyoachwa.

Nimeipandisha barua hii juu nije kuimalizia mkekani, nje ya chumba chako, mahali pangu pa zamani. Mlango umerudishwa. Kesho wakinivisha rangi nitavaa, wakinipa chai nitakunywa, wakitaka nitoke kibarazani nitatoka, sitawaaibisha. Lakini jioni nitarudi hapa. Watu watasema mke wa marehemu hakukuaga vizuri, na wasemacho ni kweli, sikuagi.

Nimesimama mlangoni, mume wangu.

Hodi, baba Zuhura.

Hodi.

Mkeo,
mama Zuhura